Kishikwambi Kilichojaribiwa Wakati wa Baridi
Sehemu ya Kumi na Moja

Mlikunja gazeti wiki iliyopita mkamwacha Dakhil Mtashar mlangoni mwa chumba cha mkutano, jasho linamtiririka, na Mhandisi Hilmi ameinua karatasi juu akiuliza saini ile ni ya nani. Basi likunjueni. Saini ni yake.

Hakuna aliyeighushi. Barua zenu nimezisoma, na wengi mliapa kuwa mzee wa watu kachezewa mchezo. Poleni sana. Dakhil aliiweka mwenyewe, kwa kalamu yake, mwezi wa kwanza, akili timamu na tumbo limejaa wali na bamia.

"Ni yangu," alisema.

"Paza sauti, Baba Rabab. Bi Hamdiya anaandika."

"Ni yangu, Mhandisi! Kwani nimekataa?"

Hilmi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuchagua vishikwambi vya mafundi katika Shirika la Umeme la Nuru ya Kusini, na alikuwa mtu wa kusoma karatasi kwa sauti hata mbele ya wanaojua kusoma. Akashusha miwani puani.

"'Kishikwambi namba tatu nimekijaribu kazini siku kumi na nne. Hakikuzima hata mara moja. Ni chepesi, hakimchoshi fundi akiwa nguzoni. Nakipendekeza kuliko vyote. Dakhil Mtashar, msimamizi wa mafundi wa nguzo, Umm Tarfa.'" Akaiweka karatasi mezani. "Maneno matamu haya. Leo unakuja kuyatapika?"

Kila neno lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Dakhil.

Mwezi wa kwanza, Umm Tarfa, watu huvaa masweta na kusogelea majiko ya mafuta ya taa. Juu ya meza ile ile walipanga vishikwambi vitatu. Kimoja kilikuwa kinene, cheusi, kimevishwa mpira pembe zote. Maytham, mume wa Rabab binti yake, alikinyanyua akakirudisha kwa kishindo. "Ami, hili tofali. Nikipanda nalo, nguzo yenyewe itaniomba nishuke." Walicheka wote. Dakhil akachagua kile chembamba, kwa sababu kijana yule ana mgongo mbovu, na ndiye anayemlisha Rabab na mapacha wake.

Hakuna aliyeukumbuka mwezi wa saba. Sisi wa Kusini ndivyo tulivyo. Baridi ikiingia tunausahau mwezi wa saba kama mzazi anavyosahau uchungu. Tunanunua, tunajenga, tunatia saini, halafu kiangazi kinatukuta na vitu vya baridi mikononi.

Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Kipimajoto cha getini kilikuwa kimefika nyuzi hamsini, na saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi asubuhi. Vishikwambi ishirini vilikuwa tayari mikononi mwa mafundi. Vingine mia nne vilikuwa vinangoja neno la kamati hii. Na saa sita mchana wa siku hiyo hiyo Maytham alipangiwa kupanda nguzo mtaa wa Sidr, ruhusa yake ya kupanda ikiwa ndani ya kile kile chembamba.

Dakhil alitaka jambo moja tu. Virudishwe stoo kabla ya saa sita.

"Vinazima kwenye joto, Mhandisi," alisema. "Vinakuwa vyeusi kama sufuria. Na vikizinduka vinadanganya."

"Vinadanganya!" Bwana Nizar alipiga makofi. Huyu ndiye wakala aliyevileta, mtu wa manukato na pete tatu, ambaye kila mtu kwake ni mpenzi. "Mboni yangu, Baba Rabab, kifaa hakina ulimi. Kitadanganyaje?"

"Nikueleze?"

"Nieleze, roho yangu."

"Rangi ya kijani maana yake waya umezimwa, panda. Nyekundu maana yake waya una umeme, shuka. Sawa? Sasa kinazima kikiwa kijani. Vijana wanakitia kwenye sanduku la barafu, katikati ya chupa za maji. Kinapoa, kinazinduka. Kinaonyesha nini?"

Nizar alizungusha pete yake kidoleni.

"Kinaonyesha kijani ile ile kiliyolala nayo! Huku nyuma mgao umebadilika, umeme umerudi, chenyewe bado kijani. Mpaka kipate mtandao ndipo kinajisahihisha, na huko mitaani mtandao unautafuta kwa tochi. Mkono wa Lafta mmeusahau?"

Wanaofuata hadithi hii wanaujua mkono wa Lafta, fundi aliyeungua mpaka kiwiko. Ripoti iliandika uzembe. Bi Hamdiya, karani wa kamati, aliinamisha kichwa kwenye daftari lake.

"Lafta alikuwa mzembe," alisema Hilmi.

"Lafta alikuwa na kijani!"

"Unacho cha kuonyesha, au una kelele tu?"

"Ninacho." Dakhil alikitoa kishikwambi mfukoni. "Tutoke nje. Kiwekwe kwenye ukuta wa ua, juani. Dakika kumi na tano. Kisipozima, nitawaomba radhi wote na nitambusu huyu Nizar paji la uso."

Mngedhani Hilmi angekataa. Hata Dakhil alidhani hivyo. Lakini Hilmi aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Twende."

Moyo wa Dakhil uliruka. Mara ya kwanza tangu mkono wa Lafta, aliona mlango umefunguka.

Wakasimama chini ya kibaraza, wajumbe watano, Dakhil akiwa mmoja wao, na Nizar na Bi Hamdiya na daftari lake. Kishikwambi kikalazwa juu ya ukuta, uso kwa jua. Dakika ya tatu mjumbe mmoja aliomba arudi ndani, akakatazwa. Dakika ya saba Nizar alianza kujipepea kwa orodha yake ya bei. Dakika ya kumi na moja kioo kilififia, kikaandika neno moja la kuomba kipoe, kikazima.

"Mungu mkubwa!" Dakhil alipiga goti lake kwa kofi. Machozi yalimlenga, na hakuona aibu. "Andika, Bi Hamdiya. Dakika kumi na moja! Andika na ya kwamba wote mmeona."

"Nimeona," alisema Hilmi.

"Tumeona," wakasema wajumbe.

"Hata mimi nimeona, mpenzi," alisema Nizar, akafungua kijitabu cha maelekezo alichokuwa nacho kwapani kana kwamba alikijia hicho tu. "Ukurasa wa tisa. 'Kifaa hujizima chenyewe kikipata joto kali ili kujilinda. Mtumiaji asikiweke juani.' Kimefanya kazi yake vizuri kabisa. Aliyekosea ni aliyekiweka juani."

"Nguzo ziko juani, Nizar! Ulitaka zisimame sebuleni?"

"Hilo ni la shirika lenu, mboni yangu. Mimi nauza kifaa."

Hilmi alikuwa ametulia kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Bi Hamdiya, andika. Kamati imeshuhudia kuwa kifaa kinajilinda. Mafundi waagizwe kukiweka mahali pa baridi wakati wote. Hilo sanduku la barafu la Baba Rabab ni wazo zuri. Liwe agizo rasmi."

Kalamu ya Bi Hamdiya ilisita.

"Andika, mama."

Akaandika.

Dakhil alilitazama lile daftari. Alikuja kulipiga vita lile sanduku, na sasa limepigwa muhuri kwa jina lake. Lakini alikuwa bado hajamaliza. Alikichukua kishikwambi kutoka ukutani kwa ncha ya shati, maana kilichoma, akarudi nacho ndani akakiweka mbele ya kiyoyozi cha Hilmi.

"Ngojeni kizinduke. Kimelala na Sidr ya kijani, maana Sidr walizimiwa saa nne. Mpigieni mtu wa chumba cha kuongozea umeme abadilishe hapo kwake iwe nyekundu, kwa majaribio tu. Halafu mtazame hiki kitasema nini."

"Hebu tuone," alisema Hilmi, na kusema kweli alipiga simu.

Wakainama wote juu ya meza. Kishikwambi kikapoa, kikapiga kengele yake ndogo, kikafumbua jicho. Kijani.

"Mnaona? Mnaona!"

Kabla hajafunga mdomo ile kijani ilicheza, ikageuka nyekundu.

"Naona nyekundu," alisema Hilmi.

"Nyekundu safi," alisema Nizar.

"Ni kwa sababu hapa ofisini mtandao umejaa!" Dakhil alipiga meza. "Kimeupata hapo hapo. Twendeni Sidr. Twendeni sasa hivi, nusu saa tu, mkakione kule..."

"Kule kuna joto," alisema mjumbe aliyekatazwa kurudi ndani.

Wakacheka. Niwaambie ukweli, wasomaji wangu, kile kicheko ndicho kinachonifanya nisimsamehe hata mmoja wao mpaka leo. Hakikuwa cha chuki. Walicheka kama watu wanaongoja chakula cha mchana.

Saa ilikuwa saa tano na dakika tano.

"Turudishieni hata kijiti cha kupimia umeme," Dakhil alisema, na sauti sasa ilikuwa ya kuomba. "Mlikikusanya siku mliyotugawia hivi. Fundi angekigusisha waya kabla ya mkono wake. Na simu za vijana mmezifungia kituoni. Mtoto akiwa juu ya nguzo nitampataje?"

"Kwa kishikwambi," alisema Hilmi.

"Kiko kwenye barafu!"

"Vifaa viwili kwa kazi moja ni anasa, Baba Rabab. Tulishalijadili." Kisha akamtazama kwa jicho jingine, jicho la mtu anayekumbuka kitu. "Ila kuna njia. Ipo kwenye kanuni. Pendekezo linaweza kufutwa, kama mjumbe aliyekijaribu kifaa atakiri kwamba jaribio lake halikuwa la kweli."

Nizar aliacha kujipepea.

"Niseme nilidanganya?"

"Sikulazimishi. Lakini ukikiri, ripoti hii ya mwezi wa kwanza inachanwa. Na wewe, bila shaka, utasimamishwa kazi. Kiinua mgongo sijui. Miaka mingapi umetumikia?"

"Thelathini na moja."

"Basi fikiri."

Hakufikiri. Kuna watu walioniuliza baadaye kwa nini Dakhil hakufikiri, na huwa nawajibu waende wakatazame picha ya mapacha wa Rabab. Aliivuta karatasi nyeupe, akaandika kwamba yeye, Dakhil Mtashar, hakukijaribu kishikwambi ipasavyo, na kwamba maneno yake ya mwezi wa kwanza yasitegemewe. Uongo wake wa kwanza katika miaka thelathini na moja. Akatia saini. Akaisukuma.

"Haya. Chana ile nyingine. Na upige simu kituoni vishikwambi virudi sasa hivi, kuna kijana anapanda saa sita."

Hilmi aliisoma taratibu, kwa sauti, neno kwa neno. Akaipitisha kwa wajumbe. Akaikunja mara mbili akaitia mfuko wa koti.

"Bi Hamdiya, andika. Mjumbe Dakhil Mtashar amekiri udanganyifu. Kwa mujibu wa kanuni, si mjumbe tena kuanzia siku ya udanganyifu huo, yaani mwezi wa kwanza. Kila alichokisema mbele ya kamati tangu hapo kinafutwa, pamoja na pingamizi la leo." Akageukia wajumbe. "Tumebaki wanne. Wanne wanatosha. Wanaokubali vile mia nne?"

Mikono minne ilipanda.

"Hilmi," alisema Dakhil. Hakusema Mhandisi. "Hilmi, wewe una watoto."

"Nina watoto na nina wakubwa wangu, Baba Rabab. Kiangazi hiki lazima waone kitu kipya. Acha kitambulisho chako getini."

Hapo ndipo Dakhil alipojua kwamba amekwisha. Si kazi, kazi hakuijali tena. Alijua kwamba hakuna neno lolote duniani litakalotoka kinywani mwake na kusikiwa ndani ya jengo lile. Aliwahi kuwazika wenzake watano waliouawa na waya, na hakuwahi kujiona mnyonge namna ile.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi aliposikia viatu nyuma yake. Bi Hamdiya, daftari kifuani, anahema.

"Kaka Dakhil. Simama kidogo."

"Umeandika vizuri, dada. Hati yako nzuri."

"Nitukane baadaye. Kijana wako yuko Sidr?"

"Sidr. Kwa nini?"

"Mgao umebadilishwa asubuhi hii, karatasi imepita mezani kwangu. Sidr walikuwa wakae gizani mpaka saa nane. Sasa wanarudishiwa saa sita kasorobo. Kuna mkubwa anakula chakula cha mchana mtaa wa jirani, wako laini moja."

Dakhil alishika ukuta. Saa sita kasorobo umeme unarudi. Saa sita Maytham anapanda.

"Simu yako," alisema. "Nipe simu yako, yangu wameichukua pamoja na za mafundi wengine."

Akapiga chumba cha kuongozea umeme. Alipokea kijana aliyemjua kwa sauti tu.

"Usirudishe Sidr! Una fundi nguzoni!"

"Nani mwenzangu?"

"Dakhil, wa nguzo."

"Ami Dakhil, shikamoo. Sidr sioni fundi, ami. Kioo changu kinanionyesha kila kishikwambi kilipo, na Sidr hakuna kitu."

"Hakuna kwa sababu kimezima! Kiko kwenye barafu!"

"Kikizima nusu saa jina la kikosi linafutika lenyewe, ami. Ndivyo walivyotupangia. Mimi siwezi kumzuilia mkubwa umeme kwa mtu ambaye hayuko." Akashusha sauti. "Halafu ami, samahani sana. Imeingia hapa taarifa sasa hivi kuwa umesimamishwa. Sina ruhusa ya kupokea amri yako. Nisamehe, wallahi."

Simu ikakatika. Dakhil akamrudishia mwenyewe, akashuka ngazi mbili mbili na miaka yake hamsini na tatu. Pale getini alikitupa kitambulisho mezani bila kusimama.

Ilikuwa saa tano na nusu.

Pikapu lake jeupe lilikuwa na usukani wa moto usioshikika, akaufunga kitambaa cha kichwa akaendesha. Njia ya Sidr huchukua dakika ishirini na tano. Aliendesha huku akizungumza peke yake, akimwambia Maytham achelewe. Mgongo umuume. Aombe maji. Agombane na Rasmi, mwenzake wa chini, kama wanavyogombana kila siku juu ya nani kasahau mkate. Kitu chochote, mwanangu, lakini usipande.

Saa sita kasoro dakika tano alikata kona ya kuingia Sidr, na kitu cha kwanza alichofanya ni kushusha kioo cha dirisha. Alitaka kusikia. Na alisikia.

Transfoma ya mtaa ilikuwa inanguruma. Umeme ulikuwa umesharudi.

Nguzo ya Maytham ilikuwa mitaa miwili mbele, na uchochoro ulikuwa umezibwa na gari la maji lililosimama kugawa. Hatua mia nne kwa miguu ya mzee. Sanduku la transfoma lilikuwa hatua kumi.

Mafundi wa zamani hawakuwa na kijani wala nyekundu. Walikuwa na fyuzi. Unaing'oa kwa mkono wako, unaitia mfuko wa shati, unaufunga kifungo, ndipo unapanda. Fyuzi ikiwa kifuani mwako hakuna binadamu atakayekurudishia umeme kwa makosa, awe mhandisi awe waziri. Shirika liliupiga marufuku mtindo huo siku vilipokuja vishikwambi, likauita ushamba.

Dakhil alichukua kishikio cha kung'olea fyuzi chini ya kiti cha pikapu, akavunja kufuli la sanduku kwa nyundo, akang'oa. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ngurumo ya mtaa ilikufa. Dirisha kwa dirisha viyoyozi vilikoroma vikanyamaza, na mwanamke mmoja ghorofani akaanza kuwalaani watu wa umeme na wazazi wao.

"Walaani, mama," Dakhil alisema. Alikuwa anacheka. Alizitia fyuzi zote tatu mfukoni, zinachoma kifua kupitia shati, akafunga kifungo. "Walaani, wanastahili."

Alicheka kwa sababu ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili, na kijana wake yuko hai, na waya umekufa, na amefanya hivyo kwa mikono yake bila muhuri wa mtu. Akaanza kutembea kuelekea nguzoni. Hata hakukimbia. Tangu asubuhi ile ndiyo ilikuwa mara ya pili kupata furaha, na mnajua ya kwanza iliishaje.

Mbele ya gari la maji alikutana na Haji Kanaan, mwenye jenereta la mtaa, kandambili miguuni na mikate ya moto kwapani.

"Baba Rabab! Ndio mmekata tena? Hata robo saa haujakaa!"

"Nimekata mimi, Haji. Kuna kijana nguzoni. Chonde, jenereta lako usiliwashe mpaka nikwambie."

Ombi lile lilikuwa la kawaida kabisa, la miaka yote. Kuna nyumba hapa Sidr ambazo nyaya zake zimefungwa ovyo, jenereta likiwaka umeme wake unarudi kinyumenyume mpaka kwenye nguzo. Kila fundi wa Kusini analijua hilo. Ndiyo maana wakati ruhusa zilipokuwa za karatasi Dakhil hakuwa akimruhusu mtu kupanda mpaka Haji Kanaan aletwe, awekewe kiti chini ya nguzo, apewe chai ya ndimu kavu, na akae hapo hapo chini ya macho ya mafundi mpaka kazi iishe. Haji alikuwa akilalamika kila mara, na kila mara alikunywa glasi tatu. Kwenye kishikwambi hapakuwa na ukurasa wa Haji. Nani angemwita tena?

"Usiliwashe, umenisikia?"

Haji alimtazama kwa mshangao, kisha akatabasamu kwa fahari.

"Mimi siwashi tena, ndugu yangu. Mambo ya kukimbia na ufunguo tumeyaacha. Tangu mwezi wa pili nimefungiwa kile kidude. Umeme wa taifa ukikatika, linawaka lenyewe."

Dakhil akamshika bega.

"Baada ya muda gani?"

"Dakika mbili. Wakati mwingine hazifiki."

Nyuma ya ukuta wa bati jenereta lilikohoa mara moja, likakohoa tena, likashika.

Dakhil alikimbia. Alimsukuma Haji, mikate ikamwagika barabarani, akapita ubavuni mwa gari la maji akichubuka bega, akakata kona ya kwanza. Alijaribu kupiga kelele lakini pumzi ya kukimbia ndiyo hiyo hiyo ya kupigia kelele, na jenereta lilikuwa limezidi sauti zote za mtaa. Fyuzi zilimgongagonga kifuani. Kama asingezing'oa, lile jenereta lingekuwa bado limelala. Alilijua hilo akikimbia, na alijua kwamba atalijua maisha yake yote.

Akakata kona ya pili.

Maytham alikuwa juu, mkanda umemzunguka, mgongo kwa Dakhil, mkono wa kulia umenyooka, vidole shubiri moja kutoka kwenye waya. Alikuwa amesikia mngurumo. Akasita, akainamisha kichwa chini.

"Rasmi!" aliita. "Hebu kitazame tena! Niguse?"

Na Rasmi, aliyepiga magoti kando ya sanduku la barafu akikifuta kishikwambi maji kwa shati lake, akakigeuza uso juu, akakisoma, akainua kichwa kumjibu.